Alhamisi Kumi na Nane za Bi Muhsina

Kwa miaka tisa, kila Alhamisi asubuhi, Bi Muhsina wa Kinondo alijifunga leso kiunoni juu ya buibui, akatundika begani mkoba wa turubai, akaenda kupima visima. Vilikuwa vitano. Cha kwanza kilikuwa nyuma ya msikiti, karibu na pwani, na cha mwisho kilikuwa bara huko, mwendo wa saa nzima kwa miguu, mahali ambapo minazi hukoma na mashamba ya mihogo huanza.

Ndani ya mkoba mlikuwa na gurudumu dogo la chuma lililozungushiwa utepe mrefu wenye alama za mita na sentimita. Ncha ya utepe ilikuwa na kidude kama risasi, na kidude hicho kikigusa maji kule chini, gurudumu hulia. Hapo Bi Muhsina husimamisha mkono, akasoma nambari iliyolala juu ya alama nyekundu kwenye mdomo wa kisima, akaiandika daftarini, kisha akaituma kwa simu kwa watu wa mradi wa maji. Nambari ikikua, maji yameshuka. Ikipungua, maji yamepanda. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na wanaume wawili waliopewa kabla yake walichoka nayo kabla ya mwaka kwisha. Yeye hakuchoka. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, akaolewa, akazaa, akalea, na hakuwahi kushika kitu kikawa chake peke yake mpaka aliposhika lile gurudumu.

Mumewe, Ubeid, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, alikuwa akimtania kila akirudi.

"Haya, wanao hawajambo?"

"Hawajambo. Yule wa msikitini amepanda kidogo."

"Alhamdulillahi. Na yule mkaidi wa bara?"

"Yule haambiliki."

Basi walicheka, chai ikamiminwa, maisha yakaendelea.

Mwezi wa kumi, Jumanne moja, Ubeid alitoka nyumbani mzima na akarudishwa maiti. Presha ilimpanda, akaanguka, na hadi anafikishwa hospitali roho ilikuwa imekwisha kutoka. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Bi Muhsina aliingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Mwanawe Swafwan alikuja kutoka Mombasa, akakaa wiki moja, akarudi kazini. Wifi yake Warda, dada wa marehemu, ndiye aliyehamia pale akawa anapika, anafagia na kupokea watu wa tanzia.

Siku ya pili uliingia ujumbe katika simu. Ulitoka kwa Judy, msichana wa bara aliyekuwa akisimamia vipimo vya mradi. Alimpa pole, akamwombea marehemu, kisha akaandika: "Ukihitaji kupumzika usijali, tutatafuta mtu mwingine."

Judy aliandika kwa wema. Lakini Bi Muhsina alisoma maneno mawili tu, *mtu mwingine*, akayasoma tena na tena. Mume amekwenda. Na visima navyo viende? Vidole vyake vikajibu kabla hajafikiri: "Ahsante mwanangu. Nitaendelea."

Alhamisi ilipofika, alifungua daftari la mwaka uliotangulia, akatafuta wiki kama ile, akaongeza sentimita mbili hapa, akapunguza tatu pale, akatuma nambari tano. Alijiambia kuwa ni mara hii moja tu. Alhamisi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Visima alivijua kama mtu ajuavyo tabia za watoto wake: vuli ikinyesha hupanda, kaskazi ikikaza hushuka. Akiwa ndani, mvua mbili tatu zilizopiga bati alizihesabu kuwa ndiyo vuli. Warda alikuwa akilalamika kwamba mwaka huu kuna joto na mbaazi zimekauka, lakini maneno ya Warda yalipita juu ya kichwa chake kama yalivyopita maneno yote wakati ule. Kufikia mwisho wa eda alikuwa ametuma nambari tisini, na hakuna hata moja iliyotoka kisimani.

Katikati ya mwezi wa pili alitoka eda. Alhamisi ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kisima cha nne, kilicho karibu na shamba la mkulima aitwaye Chome. Daftari lilisema maji yako mita nane na sentimita arobaini. Aliteremsha utepe mpaka nane na arobaini. Kimya. Akateremsha mpaka tisa. Kimya. Akadhani kidude kimeharibika, akakipandisha, akakichovya katika maji ya kunywa aliyochukua, kikalia vizuri. Akateremsha tena. Gurudumu lililia kwenye mita kumi na sentimita kumi.

Alikaa chini pale pale kwenye mdomo wa kisima. Vuli haikunyesha. Mwaka uliopita alionakili ulikuwa mwaka wa neema, na huu ulikuwa wa ukame. Angeweza kuzishusha nambari polepole, wiki hadi wiki, zikutane na ukweli bila mtu kushtuka. Wazo lilimjia, nalo likamchefua. Aliandika kumi nukta kumi, akatuma. Visima vyote vitano akafanya hivyo, kila kimoja kwa haki yake. Akarudi nyumbani akiomba Mungu asitokee mtu wa kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Makame. Vipimo vya kisima cha nne humfikia kila mwezi, na mwezi ule aliona maji yameshuka mita moja na sentimita sabini katika wiki moja. Sasa wiki ile ile ndiyo Chome alikuwa amewasha pampu yake mpya ya sola. Chome alikuwa Mduruma wa Kinango aliyechoshwa na kuuza ng'ombe waliokondeana sokoni, akaja na mkewe Kadzo kukodi shamba huku, akachimba kisima kirefu, akapanda matikiti. Hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini alikuwa mgeni, na pampu ilikuwa mpya, na nambari ziko pale zimeandikwa na Bi Muhsina ambaye hajawahi kukosea.

"Maji ya chini ni mamoja," Mzee Makame aliwaambia wanakamati. "Huyu akivuta pale, wengine watachota mchanga. Na sisi tulio karibu na pwani, maji matamu yakishuka, ya chumvi yanaingia. Mtoto hanyweshwi chumvi."

Pampu ikatiwa kufuli mpaka jambo litazamwe.

Bi Muhsina alisikia habari hizo akiwa anachuja nazi, na tui lote likamwagika juu ya sinia. Tangu siku hiyo alikuwa akirudisha sahani imejaa. Warda alidhani ni huzuni ya kaka yake iliyochelewa, akambembeleza kwa uji. Alhamisi mbili zilipita hivyo. Ya tatu, akiwa anakunja utepe kwenye kisima cha nne, Kadzo alimwona kutoka shambani, akamjia na kopo la maji.

"Shikamoo, mama. Jua kali. Kunywa kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Matikiti hayajambo?"

Kadzo aligeuka akaangalia nyuma yake. Mashina yalikuwa yamelala juu ya udongo kama kamba kuukuu, na maua ya njano yalikuwa yamenyauka kabla ya kufunga tunda.

"Tunachota kwa ndoo, mimi na baba watoto. Tunanyweshea mistari mitatu ya kule mwisho, iliyobaki tumeiachia Mungu." Akasita kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe unajua visima. Ni kweli sisi ndio tuliomaliza maji ya watu?"

Bi Muhsina alikuwa na kopo mdomoni. Alilirudisha kopo, akasema, "Kadzo, jambo hili litazamwe." Akaondoka upesi kuliko adabu inavyoruhusu.

Siku nne baadaye, alfajiri, Judy alipiga simu akasema yuko njiani kuja Kinondo, na kwamba kamati itakutana kesho yake saa nne katika darasa la madrasa. Alitaka kwanza waende wote wawili visimani.

Walianza safari asubuhi ile ile. Judy alikuwa na kofia pana na kompyuta ndogo ubavuni, na Kiswahili chake cha Nyeri kilichojaa haraka.

"Mama Muhsina, nikuambie ukweli, nimekuja kwa sababu mbingu na kamba yako ya kupimia hazisikizani."

"Mbingu?"

"Setilaiti. Ziko mbili, zinafuatana huko juu, moja mbele, moja nyuma. Ile ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mwingi, ardhi inaivuta kidogo, inamwacha mwenzake nyuma. Halafu ya nyuma nayo inavutwa. Sisi tunapima ile nafasi iliyo kati yao inavyobadilika. Na maji yana uzito, mama. Yakipungua chini ya ardhi, nchi inakuwa nyepesi, na setilaiti zinajua."

Bi Muhsina alitembea hatua kadhaa akilitafakari jambo hilo. Kwamba kuna kitu juu kule kinachoipima ardhi kama muuza samaki apimavyo kwenye mizani.

"Zinakiona kisima cha msikitini?"

Judy akacheka. "Hapana! Zinaona eneo kubwa sana, kutoka hapa mpaka Taita na zaidi. Kisima kimoja ni punje ya mchele ndani ya gunia. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe. Wewe ndiye unayetuambia kama gunia tumelipima sawa."

Bi Muhsina aliuhamishia mkoba bega la pili.

"Na zinasemaje?"

"Hesabu zake huchelewa kidogo kutufikia, lakini kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kwanza zinasema nchi hii yote ilikuwa inapungua uzito, polepole, mwezi baada ya mwezi. Vuli haikunyesha, kwa hiyo ndivyo tulivyotarajia. Lakini kamba yako inasema miezi ile ile maji yalipanda. Kisha mwezi wa pili, pu! Yakaporomoka. Visima vitano vyote, hata cha msikitini, na kutoka kwa Chome mpaka msikitini ni kilomita nne. Pampu ndogo ya sola inawezaje? Bosi wangu anasema kamba ndiyo imekosea. Mimi nikambishia. Nikamwambia, huyu mama ninamjua, miaka tisa hajaruka hata wiki moja. Nikasema labda sisi ndio hatujaielewa mbingu."

Walikuwa wamefika kwenye kisima cha nne. Judy aliinama kufuta vumbi kwenye alama nyekundu. Bi Muhsina aliuweka mkoba chini.

"Judy, mwanangu. Bosi wako amesema kweli."

"Gurudumu limeharibika?"

"Gurudumu ni zima. Niliyeharibika ni mimi." Alipoanza hakutaka kusimama, kwa kuogopa kuwa akisimama hataweza tena. "Nilikuwa eda. Sikutoka nyumbani Alhamisi kumi na nane. Nambari zile zote nilizitunga nikiwa nimekaa kitandani, nikatazama za mwaka jana nikazigeuza geuza. Hii ya kumi nukta kumi ndiyo ya kweli, na zote zilizofuata ni za kweli. Maji hayakuporomoka. Yalikuwa yanashuka polepole muda wote, kama hizo setilaiti zako zinavyosema. Na Chome wa watu hana kosa lolote."

Judy alikaa kwenye mdomo wa kisima, akafungua kompyuta, akafanya kazi dakika nyingi huku Bi Muhsina amesimama juani kama mshtakiwa. Kisha akaigeuza kompyuta.

"Angalia, mama. Nimeziondoa zile kumi na nane zote. Nimeacha tupu."

Katika kioo palikuwa na mistari miwili. Wa buluu ulitoka mbinguni, nao ulikuwa ukiteremka taratibu. Mwekundu ulikuwa wa kamba: ulikuja kwa miaka, ukakatika, palikuwa na pengo jeupe, ukaanza tena chini kidogo. Mwezi wa kumi, mita tisa na sitini. Mwezi wa pili, mita kumi na kumi. Nusu mita katika miezi minne. Mistari ile miwili ilikwenda pamoja kama watu wanaojuana.

"Zinasikizana," alisema Judy, akashusha pumzi ndefu. "Wiki tatu sijalala vizuri kwa ajili ya hii kitu. Nilidhani tutatupa miaka yote tisa."

"Hamtaitupa?"

"Kwa nini tuitupe? Pengo si aibu, mama. Kila mtu ana mapengo. Kinachotumaliza ni pengo lililojazwa." Akamtazama. "Lakini kwa nini hukuniambia? Ningesubiri."

"Uliandika mtu mwingine."

Judy alikumbuka. "Nilimaanisha kwa muda tu," alisema polepole. "Mpaka utoke. Nisamehe, sikuandika vizuri."

"Wewe nisamehe mimi."

Kisha Judy akasema neno ambalo Bi Muhsina alikuwa akilingoja kwa hofu: kwamba kamati lazima iambiwe, maana mtu amefungiwa pampu. "Nitawaeleza mimi, kitaalamu. Si lazima utajwe."

"La," alisema Bi Muhsina. "Kosa likiwa na mwenyewe, halisemewi."

Kesho yake saa nne darasa la madrasa lilikuwa na watu kumi na wawili hivi, waliokaa kwenye mikeka. Chome alikuwa karibu na mlango, mikono magotini, na shati lake bado lilikuwa na udongo wa ndoo za asubuhi. Mzee Makame alifungua kwa dua, kisha akamkaribisha mgeni wa mradi. Judy akasema mwenye neno ni Bi Muhsina.

Alisimama. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha na yote yakamtoroka, basi akasema lililokuwepo. Alisema alivyokaa ndani, alivyonakili, alivyonyamaza hata pampu ilipofungwa. Akamgeukia Chome, akamwambia mbele ya watu wote, "Chome, nimekudhulumu wewe na Kadzo. Naomba radhi yako."

Mzee Makame ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alikuwa amekasirika kwelikweli. "Bi Muhsina! Wewe! Mimi nimesimama mbele ya watu kwa nambari zako!"

"Najua, Mwenyekiti. Nilaumu, ni haki yako."

"Kwa hiyo," Chome aliuliza polepole, kana kwamba alikuwa bado kwenye sentensi ya mwanzo, "si mimi?"

"Si wewe."

Chome alifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yakamtikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka. Alipoinua uso macho yalikuwa na maji. "Mama," alisema, "mke wangu hajanisemesha siku mbili. Anasema mimi ndiye niliyemleta hapa aje kuitwa mwizi wa maji. Radhi nimekupa. Niruhusuni tu niende nikamwambie."

Hapo hasira ikapata mlango wa kutokea, kicheko kikaenea. Hata Mzee Makame akajikuta anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Judy akawaonyesha mistari yake, akaeleza kwamba maji yanashuka kweli, lakini kwa kila mtu, kwa sababu ya vuli iliyokosekana, na kwamba iwapo masika nayo yatagoma, itabidi kila mwenye pampu apunguze saa za kuvuta, Chome na wengine wote. Wakakubaliana juu ya saa. Ufunguo wa kufuli ulitoka mfukoni mwa Mwenyekiti, ukapita mkono kwa mkono mpaka mlangoni.

Kuhusu kazi, Mzee Makame alisema mbele ya wote kwamba zaidi ya mtu aliyejishtaki mwenyewe wakati hakuna aliyemshuku, yeye hamjui mwingine wa kumpa lile gurudumu, ila asirudie. Hakuna aliyepinga. Warda, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, alimvuta wifi yake pembeni walipotoka.

"Ungeniambia, ningekwenda mimi. Sijui kusoma nambari?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa mara moja, kisha ningekwenda." Warda akamshika mkono. "Alhamisi ijayo nifundishe. Siku ukiumwa, nani atakwenda?"

Walifika nyumbani adhuhuri. Warda alikuwa ameacha wali wa nazi juu ya makaa na samaki wa kupaka. Bi Muhsina alikula sahani moja, akaongeza ya pili, akalamba vidole. Alikuwa hajala hivyo tangu mwezi wa kumi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, alianza kumsimulia Warda habari za Ubeid bila kuombwa: jinsi alivyokuwa akionja mchuzi wa watu wengine na kukunja uso, jinsi alivyokuwa akiita visima majina. Alilia kidogo katikati ya maneno, akapangusa machozi kwa pindo la leso, akaendelea kusimulia.

Kabla hajamaliza alikuwa amejinyoosha pale pale kwenye mkeka, na usingizi ukamchukua. Mchana ule haikumpitia nambari yoyote kichwani. Aliamshwa na adhana ya alasiri, na sauti ya Warda uani akiuliza chumvi iko wapi.